Kwenda makumbusho kuangalia nguo za madizaina kuna faida gani kwa fundi? Mi nilienda, nakusimulia

Dada uliyeuliza, kwa wanaoingia sasa hivi swali lako ni hili: we ni fundi cherehani, unakuja London mwezi ujao kumtembelea ndugu, una siku moja tu ya kuzunguka mwenyewe, mtu kakwambia nenda V&A, yaani makumbusho ya Victoria and Albert, ukaone nguo za madizaina, na we unajiuliza kwa nini ukaangalie nguo zilizovalishwa sanamu wakati Instagram zimejaa bure.

Nenda. Nakujibu kwa urefu maana hili jambo nalipenda toka moyoni, na kuna vitu natamani mtu angeniambia kabla sijaenda mara ya kwanza.

Mi nimekulia Tanga, Ngamiani, kwenye kibaraza cha shangazi yangu aliyekua fundi wa magauni, cherehani nimejifunzia miguuni kwake nikiokota pini na kupiga bandi nguo za wateja. Huku Uingereza kazi yangu ni ya kuhudumia wazee, usiku, ila nyumbani nashona, nina wateja wangu wa sendofu na kipaimara na mambo kama hayo. Sasa mwaka 2022 V&A waliweka maonyesho makubwa yanaitwa Africa Fashion, yalianza Julai yakaenda mpaka Aprili 2023, vitu zaidi ya 250, madizaina zaidi ya 45 kutoka nchi zaidi ya 20 za bara letu. Nilienda Novemba, nimetoka zamu ya usiku, sijalala, nikapanda treni hivohivo maana nilijua nikilala siendi tena.

Unashuka kituo cha South Kensington, kuna njia ya chini kwa chini inakutoa kituoni mpaka makumbusho, hata mvua haikugusi. Kuingia makumbusho yenyewe ni bure, wanauza tiketi kwa maonyesho maalum tu.

Kitu cha kwanza utakachokiona ukiingia chumba chochote cha nguo ni kwamba kuna giza. Mi nilidhani macho yangu yamechoka kwa usingizi. Kumbe taa zinafifishwa makusudi, kawaida kwa vitambaa ni kama lux 50 hivi (lux ni kipimo cha mwanga), kwa sababu mwanga unakula rangi na unaoza uzi taratibu. We fikiria kanga iliyotundikwa dirishani dukani miaka miwili, upande wa jua unakua umepauka upande wa ndani bado unang'aa, ndo hicho wanachokikimbia. Kwa hiyo simama dakika mbili tatu macho yazoee ndo uanze kuangalia, usikimbilie simu.

Na hapa ndo jibu la swali lako la Instagram. Picha inakuonyesha nguo mbele, imenyooshwa, taa nzuri, modo mrefu. Haikuonyeshi mgongo, haikuonyeshi zipu imefichwa wapi, haikuonyeshi pindo limekunjwa mara ngapi, wala mikono imeingizwaje kwenye bega. Fundi anaenda kuangalia hivo vitu. Mi kila sanamu niliizunguka, pale panapozungukika, na pasipozungukika niliinama nikachungulia kwa pembeni mpaka mzee mmoja wa Kizungu akaniuliza kama nimedondosha kitu. Nikamwambia hapana, naangalia upindo. Akainama na yeye.

Sasa nikwambie kilichonishika zaidi. Miezi michache kabla ya hapo nilikua nimemshonea mteja koti la kitenge, kitenge kizuri kabisa cha maua makubwa, nikakata vizuri vipimo viko sawa, lakini nilipounga mgongo maua hayakukutana, ua moja limekatika nusu na nusu nyingine imepanda juu kama sentimita tatu. Mteja alilivaa lakini nilimwona usoni, na hakurudi. Hilo koti lilikua linaniuma mpaka siku ile.

Basi nikafika kwa Chris Seydou. Huyu ni Mmali, amezaliwa Kati mwaka 1949, jina lake hasa ni Seydou Nourou Doumbia, hilo Chris alijipa mwenyewe kwa kumpenda Christian Dior, yule dizaina mkubwa wa Kifaransa. Mama yake alikua anatarizi nguo, kwa hiyo na yeye katokea kwenye uzi na sindano kama sisi. Akafanya kazi Paris, akarudi kwao, akafariki 1994 bado mdogo kabisa. Alichofanya ni kuichukua bogolan na kuikata suti na makoti na sketi fupi za kisasa. Bogolan ni kitambaa cha pamba kinachofumwa kwa vipande vyembamba vinaungwa pamoja, afu kinapakwa rangi ya majani na kuchorwa kwa tope, na kila mchoro una maana yake. Mwanzoni alisita hata kukitia mkasi, maana kwao hicho si kitambaa cha kawaida, kinavaliwa kwenye mambo mazito ya maisha.

Na tatizo lake lilikua tatizo langu! Bogolan ya asili michoro yake haijirudii, upande huu si sawa na upande ule, sasa utaunganishaje mgongo? Utalinganishaje mkono wa kulia na wa kushoto? Yeye akaona njia: akachukua mchoro mmoja au miwili tu akaupunguzia msongamano, kitambaa kikachorwa hivo kwa ajili ya kukatwa. Yani alianza kuifikiria nguo kabla kitambaa hakijawa kitambaa. Nilikaa pale nadhani nusu saa. Nikatoa daftari nikachora mgongo wa koti langu la kitenge na kuandika pembeni "ua moja katikati, mengine yaache". Toka siku hiyo nikipewa kitenge cha maua makubwa sikiweki mezani mara mbili nikakata tu, nakitandaza chote chini kwanza, natafuta ua la mgongo, naweka pini katikati yake, vipande vingine vyote vinafuata hapo. Kinaliwa kitambaa zaidi, ndiyo, na namwambia mteja mapema alete yadi moja ya ziada.

Mwingine ambaye sikumpita ni Shade Thomas-Fahm wa Nigeria. Huyu mama alisomea ushonaji hapahapa London, akarudi Lagos 1960, mwaka wa uhuru wao, akafungua duka. Akaona wanawake wanaingia maofisini na bado wanavaa ile iro ya kufunga kiunoni, ukitembea haraka inalegea, ukipanda gari inafunguka. Akaishona ikawa sketi ya zipu lakini kwa macho bado ni iro. Na gele, kile kilemba cha kufunga, akakitengeneza kimefungwa tayari unavaa tu kama kofia. Kwa kweli nilipoona hivo nikamkumbuka shangazi, maana na yeye alikua anawashonea walimu vitenge vya kufunga vyenye kulabu ya ndani ili wakiandika ubaoni mkono juu kisidondoke. Hakuna aliyemfundisha. Tatizo ni lilelile, na huku mwanamke wa Lagos na kule mwanamke wa Ngamiani wamelitatua kwa sindano.

Vingine napita haraka. Palikua na gauni la Alphadi wa Niger la mwaka 1988, pamba na shaba pamoja, nguo na chuma mwili mmoja. Palikua na nguo ya rafia, zile nyuzi za majani ya mti, ya pinki kali ya Imane Ayissi wa Kamerun, yule aliyeingia ratiba rasmi ya hot kutua (haute couture, nguo za kifahari za kushonwa kwa mkono) ya Paris 2020, ukiiona kwa mbali unadhani ni manyoya. Thebe Magugu wa Afrika Kusini, mshindi wa tuzo ya LVMH ya madizaina vijana 2019, alichukua vitu vya mganga wa kupigia ramli vikatupwa chini vikapigwa picha na hiyo picha ndo ikawa chapa ya kitambaa. Kwetu Afrika Mashariki zilikuwepo lebo za Katush ya Nairobi na Moshions ya Rwanda. Na mkufu wa Ami Doshi Shah, wa Nairobi pia, kautengeneza kwa shaba, kamba ya mkonge na chumvi iliyoganda. Mkonge! Mtoto wa Tanga nimesimama London naangalia kamba ya mkonge ndani ya kioo, imefungwa na mawe ya chumvi yanametameta, ile ile kamba tuliyofungia mbuzi. Ukitazama karibu unaona nyuzi zake zimechomoza kidogo pembeni, hakuzikata, kaziacha. Na ndo uzuri wake uko hapo.

Palikua pia na sehemu ya vitambaa vyenyewe, kente ya Ghana, adire ya Nigeria, na kile cha Mandela chenye sura yake kilichotengenezwa miaka ya tisini mwanzoni baada ya kutoka gerezani. Kwa sisi watu wa kanga hilo halitushangazi, kitambaa kinachosema tumekizoea toka bibi zetu, Mombasa kina Kaderdina wanauza toka 1887, mtu ananunua doti kwa ajili ya jina lake kabla hata hajaangalia pindo wala mji. Lakini kukiona kimewekewa taa na maelezo kama wanavowekea michoro ya wachoraji wakubwa wa zamani, kinakupa heshima fulani moyoni.

Afu palikua na ukuta wa picha. Mapema 2021 makumbusho walitangaza wakaomba watu wa kawaida walete picha za familia zao, nguo walizovaa enzi zile za uhuru, nguo zilizoshonwa na mafundi wa mtaani. Msimamizi wa maonyesho alikua Dr Christine Checinska. Hapo ndo nilishindwa kujizuia dada yangu. Watu wa kawaida, wamesimama nje ya nyumba, gauni limekaa kiunoni vizuri, na unajua kabisa kuna fundi mahali fulani alilala usiku wa manane kulimaliza na jina lake halipo popote. Shangazi ameshona miaka arobaini. Ukiniuliza leo nikuonyeshe kazi yake nitakuonyesha picha nne na gauni moja la mama lililoliwa na nondo kwenye kwapa. Nilipofika nyumbani kitu cha kwanza niliagiza vitambulisho vidogo vya utepe, kila nguo ninayoshona sasa ina jina langu, la mji na mwaka, ndani ya mshono wa ubavu. Fanya na wewe, gharama yake ni ndogo sana.

Jioni nikampigia shangazi kwa video nikamwonyesha picha zote. Alitulia akaangalia moja moja, ameweka miwani, simu kaishika karibu na pua. Mwisho akaniuliza, "Sasa mwanangu, upande wa ndani wameshonaje?" Nikawa sina jibu. Ndani huwezi kuona, nguo ziko kwenye sanamu, bitana imefichwa, na hawaruhusu kugusa, wako sahihi maana mafuta ya mkono yanaharibu.

Lakini sasa hilo jibu lipo, na ndo sababu kubwa ya mimi kuandika yote haya. Africa Fashion iliondoka London ikaenda kwingine, hutoikuta, ila toka 31 Mei 2025 V&A wamefungua ghala lao kubwa kwa watu, linaitwa V&A East Storehouse, liko Hackney Wick upande wa mashariki. Kuingia bure. Na kuna huduma ya kuomba kitu uletewe: unaingia kwenye tovuti yao, unachagua mpaka vitu vitano, unaweka nafasi angalau wiki mbili kabla, siku ikifika unakuta vimetandazwa mezani vinakusubiri na mhudumu yupo anakuelekeza kipi unaweza kugusa na vipi. Mtu yeyote, huhitaji kuwa profesa. Mwaka 2025 kitu kilichoombwa na watu wengi kuliko vyote kilikua gauni la jioni la dizaina Balenciaga la mwaka 1954, la taffeta, kitambaa kikavu kinachong'aa, ya hariri ya pinki. Na huyo Balenciaga mama yake alikua mshonaji, kijiji cha wavuvi huko Hispania, na mwenyewe alikua anajua kukata na kushona kwa mkono wake kila hatua.

Kwa hiyo mpango wako wa siku moja, mi ningefanya hivi: asubuhi Storehouse, wakati macho bado mapya, mchana ndo upande treni uende South Kensington. Daftari na penseli, kalamu ya wino iache maana karibu na vitambaa hawaitaki. Viatu vya chini. Kula kabla, vyakula vya ndani ya makumbusho ni ghali. Na weka nafasi leo leo, usisubiri ufike, hizo wiki mbili si utani.

Mimi nimeshaomba hilo gauni la Balenciaga, Jumanne ya wiki ya tatu mwezi ujao saa tano asubuhi, shangazi atakua kwenye simu kama wataruhusu na kama hawataruhusu nitamwandikia mshono kwa mshono. Kama tarehe zako zinaingia hapo nitumie ujumbe ndani, twende wote.