Kabla hujafunga geji, tazama maji

Juzi Mtwapa nimemkuta kijana ameshafunga geji kwenye AC ya boti ya uvuvi, mtungi wa gesi kando, anajiandaa kuongeza. Paneli inaandika HPF, yaani presha ya gesi imepanda kupita kiasi. Nikamuuliza, "Maji yanatoka vipi?" Akanitazama. "Maji gani, mzee?" Nikamshika mkono nikampeleka ubavuni mwa boti. Pale tundu la kutolea maji, palipotakiwa mkondo unene wa kidole gumba, palikuwa pakidondoka tone, tone.

Huyu si wa kwanza mwaka huu. Wengi wenu mnatoka kwenye split za majumbani na mafriji ya maduka. Mikono mizuri, kulehemu shaba mnajua kunishinda, lakini mkipanda boti mnapanda na ugonjwa wenu wa bara: baridi ikipungua, basi gesi imepungua. Kondensa ya boti haina feni, bwana. Inapozwa na maji ya bahari, na maji ya bahari yamejaa viumbe vinavyotafuta pa kuhamia. Maji yakizibwa, presha inapanda. Wewe ukiongeza gesi hapo, unamtwika gunia mtu aliyekwisha anguka. Kwanza mashine hizi ndogo zina gesi kidogo, iliyopimwa kwa mizani kiwandani. Kila mkifunga na kufungua geji mnamwaga nyingine.

Nayaandika haya kwa sababu nimechoka kuyasema kwa mdomo.

1. Pima maji. Ndoo na saa ya simu vinatosha. Kila BTU 12,000, yaani tani moja, inataka lita 11 hivi kwa dakika. Na msome kibandiko cha pampu: boti zilizotoka Marekani huja na pampu za Hz 60, nazo kwenye umeme wetu wa Hz 50 hupoteza karibu sehemu moja ya sita ya mwendo wake. Iliyokuwa ikitosheleza Florida, Kilifi ni ya kubahatisha, hata njia ikiwa safi.

2. Fuateni maji tangu yanapoingilia: tundu la chini, koki, chujio, pampu, mpira, kondensa, kisha nje. Mnachopenda ninyi ni kufungua chujio, kutoa majani mawili na kamba mmoja, kulirudisha, na kuandika risiti. Chujio linazuia takataka. Halizuii watoto wa magamba, maana wakiwa wachanga hawaonekani hata kwa macho, wanapita kwenye tundu za chujio kwa starehe zao. Yale magamba meupe yanayokata viganja, mdudu wake akipata ukuta unaomfaa hujigandisha kwa kichwa, akajijengea nyumba ya chokaa, akabaki anarusha miguu kujivutia chakula. Sasa mfikirie ndani ya mpira wa AC: giza, hakuna samaki wa kumla, na pampu inamletea chakula mlangoni kila siku. Mnadhani atahama?

Koili ya kondensa yenyewe ni ya kupronikeli, mchanganyiko wa shaba na nikeli, na kwa sababu ya shaba iliyomo wadudu hawaipendi sana, mpaka ute uifunike. Kwa hiyo msianze na koili. Shughuli iko kwenye mipira, kwenye viungo, na kwenye lile tundu la chini. Wazee wa majahazi walikipweleza chombo, wakakwangua, wakapaka deheni ya chokaa na mafuta. Sisi leo chini ya boti tunapaka rangi ya shaba. Ndani ya mpira hakuna anayepaka kitu.

Na msimu mbaya ni kusi. Bahari ikichafuka boti zinafungwa kwenye hori, ule mkono wa bahari ulioingia bara, hakuna anayetoka, maji yamelala mle ndani miezi. Mwezi wa nane msimu wa uvuvi unafunguka, simu zinaanza kulia zote pamoja.

3. Asidi. Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Nilikuwa nimeshaanza kuitwa fundi, na sifa zimenipanda kichwani. Boti kubwa, imelala Kilifi kusi nzima, mwenyewe anashuka na wageni kutoka Nairobi mwisho wa wiki. Mpira wa kuingizia maji nilipouminya ulisaga ndani: kra, kra. Sauti hiyo muijue. Mpira unaosaga hauoshwi. Unavuliwa, unakunjwakunjwa, unapigwa kwenye nguzo ya gati mpaka utapike, au unatupwa ukanunuliwa mpya. Mimi sikuuvua. Kuuvua kulitaka nijipenyeze chini ya kitanda cha omo, kule mbele ya boti, nifungue mbao, nipigane na klipu zilizoshika kutu. Nikasema asidi itamaliza.

Asidi yenyewe ilikuwa haidrokloriki, ile ya mafundi wa vigae, na niliizimua kidogo tu kwa sababu ya haraka. Nikafunga koki, nikaweka ndoo na pampu ndogo, nikazungusha kwa mwelekeo ule ule ambao maji hupita siku zote. Povu likachemka hadi mdomoni mwa ndoo. Nikafurahi mno. Povu ni chokaa inaliwa na kutoa hewa ya kaboni, hilo nilikuwa nalijua. Ambalo sikulijua ni kwamba magamba mengi hayakuyeyuka. Yaliliwa shina tu, yakabanduka mazima, yakasukumwa mbele hadi mdomoni mwa kondensa, mahali ambapo bomba la ndani limesokotwa na njia ni finyu. Yakajazana pale. Mzunguko ukafa. Pampu inanguruma, ndoo imetulia, nami nikasoma utulivu ule kwamba magamba yamekwisha. Nikaiacha asidi ilale mle usiku kucha, eti imalizie malizie, nikaenda zangu kula pweza.

Asubuhi nikapiga maji matamu kwa presha ya bomba la gatini. Yakagoma, kisha yakaachia kwa kishindo, na vipande vikatokea upande wa pili. Baridi ikashuka safi. Bakshishi nikapewa.

Kupronikeli inavumilia asidi nyepesi kwa muda mfupi. Asidi kali ikilala mahali pamoja usiku mzima inahamia kwenye bomba lenyewe. Siku ile halikutoboka, lilikonda tu. Lilikuja kutoboka msimu umepamba moto, boti iko nje na wageni. Gesi ikaishia baharini, maji ya chumvi yakaingia njia ya gesi, kompresa ikayavuta. Nilipoitwa na kufungua vali ya huduma, badala ya gesi kikatoka kijimaji cheusi chenye mafuta. Nikakigusisha ulimini. Chumvi.

Nikajua pale pale. Ila nahodha alikuwa na maelezo yake tayari: kijana wa boti aliwasha AC koki ikiwa imefungwa. Mwenye boti akanigeukia, kijana mwenyewe amesimama hapo, kitambaa mkononi. "Fundi, yawezekana?" Nikasema, "Yawezekana."

Koki ikifungwa pampu inaweza kuungua, presha inaweza kupanda na mashine ikajizima. Koili haitoboki. Nililijua hilo, na nikasema yawezekana. Kijana alikatwa mshahara, na msimu ulipoisha hakuitwa tena. Nilikaa na jambo lile mpaka likanishinda, nikamwendea mwenye boti nikamweleza. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza kama kompresa nitailipa kwa mafungu au mara moja. Nikalipa kwa mafungu. Kijana nilimpata kwa simu, amekwisha kwenda Lamu. Nilianza salamu ndefu, akanikata: "Mimi nilijua, fundi. Nilikuona siku ile umeonja." Akaniomba nimrudishie hela zake, nikazituma jioni ile ile. Kazi hajawahi kunifanyia, ingawa nimemwita.

Basi, asidi:

Vua mipira kwanza, toa magamba kwa mkono. Asidi ni ya yale mkono usikofika. Tumia ya fosforiki iliyotengenezwa kwa kazi hii, au ya limau ya unga kama ugonjwa ni mdogo, na uzimue kama chupa inavyosema. Asidi ndiyo inayotiwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi. Zungusha kinyumenyume, ingizia pale maji yanapotokea, ili kilichobanduka kirudi kilikotoka. Ndoo isifunikwe, na feni iwe inapuliza, kwa sababu hewa ya kaboni ni nzito, inatulia kwenye ngama, chini kabisa mwa boti, pale ulipolaza kichwa chako. Povu likitulia usiamini: tupia gamba moja kwenye ndoo. Likichemka, asidi ingali hai na magamba ya ndani yamekwisha, au njia imeziba, kwa hiyo tazama kama maji yanarudi ndooni. Lisipochemka, asidi imechoka, changanya nyingine. Hukai nayo zaidi ya saa chache, na huondoki. Pweza atasubiri.

Ukimaliza, sukuma maji matamu kwa muda mrefu kuliko unavyoona inatosha. Asidi iliyobaki itie magadi mpaka iache kutoa povu. Usiimwage horini mbichi mbichi, watu wanavua pale.

4. Jik na asidi visikutane. Kuna mwenzenu alitia Jik kwanza "kuua harufu", kisha asidi juu yake, bila suuza. Inatoka gesi ya klorini. Tulimtoa kabini akikohoa na macho mekundu, na Mungu alimsitiri kwa kuwa mlango ulikuwa wazi.

5. Harufu ya mayai viza ukifungua mpira baada ya kusi ni wadudu waliokufa mle. Fungua madirisha, toka nje, rudi baadaye. Kila mwaka yupo anayeniambia ameshazoea.

6. Boti yenye AC tatu na pampu moja: safisha moja moja, nyingine zifungwe. Asidi hufuata njia nyepesi, yaani ile AC ambayo haikuwa na tatizo.

7. Chujio la chuma cha pua na haidrokloriki ni maadui.

8. Pampu hizi hazivuti hewa. Ukishafungua chujio, lijaze maji, legeza klipu ya juu ya pampu, acha hewa itoke mpaka maji yatiririke, ndipo uwashe. Na mpira uwe unapanda moja kwa moja toka pampu hadi kondensa, usiwe na nundu ya kukamata hewa. Simu ninazopigiwa usiku, "Mzee, nimesafisha vizuri lakini pampu imekufa," nyingi zake ni nundu. Mmoja alikwisha nunua pampu mpya, akaifunga na nundu ile ile, akanipigia kusema hata mpya ni mbovu, wameuziwa feki. Nilikwenda na kipande cha kamba, nikaufunga mpira juu kidogo, maji yakatoka. Pampu ya zamani anayo mpaka leo, nzima kabisa, anatafuta mteja.

9. Boti ikienda kulala: funga koki, jaza maji matamu kupitia kwenye chujio, zungusha, zima, yaache humo. Magamba hustahimili maji matamu kwa kufunga mlango, lakini hayawezi kuufunga miezi. Manahodha wote wanaahidi kufanya hivi. Ukitaka ifanyike kweli, mfundishe mlinzi wa usiku, na umpe chochote.

10. Mpiga mbizi akishuka kukwangua chini, zima AC zote, funga koki, ng'oa na waya wa umeme wa gatini, maana ndani ya maji kuna mtu. Hata mkijali mashine tu: akikwangua huku pampu inavuta, uchafu wote wa chini unaingia ndani. Sisi tulisahau mara moja. Tumetoka kuzibua, mipira mipya, maji yanaruka vizuri, nahodha anapiga picha. Mpiga mbizi akashuka upande wa pili bila kutuambia, na tukiwa tunakunywa chai paneli ikaandika HPF. Akaibuka tezini, akavua miwani, akauliza kwa nini tundu lile linamvuta glovu. Glovu yenyewe tuliikuta kwenye chujio, imekunjana vizuri, na nyuma yake ndoo nzima ya magamba.

Siku hizi koki ikifungwa, naning'iniza ufunguo wa injini kwenye mkono wake. Anayetaka kuondoka na boti atautafuta, na akiupata atakuwa ameshika koki.