Jibu: mkubwa wa wizara anataka nisaini mzigo usofika

Yakhe usisaini! Unasema mkubwa anataka uandike mifuko 400 ya saruji imefika skuli na wewe ulopokea 60 tu, basi saini hiyo itakufunga wewe, yeye jina lake halimo popote. Mie nishakaa stoo Pemba nnayajua haya. Kwenye daftari andika ulichokiona kwa macho, tarehe na namba ya gari, piga picha, delivari noti itoe kopi ukaiweke nyumbani (madroo ya ofisi yana miguu). Halafu nenda ZAECA, ile mamlaka ya Zanzibar, wapo kwa sheria tokea 2012, kazi yao ndo hiyo kupambana na rushwa na uhujumu uchumi, kawaeleze mwenyewe. Kwa sheha, mkuu wa mtaa, usende kwanza, maneno yatafika barazani kabla ya magharibi.