Kubadili dini Kenya hakuhitaji kibali

Ndugu, umeuliza kama anayetaka kubadili dini hapa Kenya lazima amwarifu afisa wa serikali siku 60 kabla. Hapana, hiyo ni India, jimbo la Uttar Pradesh, sheria ya 2021. Hapa Kenya hakuna kitu kama hicho. Huendi kwa chifu wala kortini. Kifungu cha 8 cha Katiba kinasema hakuna dini ya taifa, na cha 32 kinampa kila mtu uhuru wa dhamiri na dini.

Dadangu alisilimu hapa Kisumu kabla ya kuolewa. Alitamka shahada msikitini mbele ya mashahidi, imamu akamwandikia cheti, basi. Kitambulisho chake ni kile kile, maana hakina hata mahali pa kuandika dini. Ukitaka jina jipya liingie humo, hapo ndipo unamtafuta wakili wa kukuandikia hati ya kubadili jina.

Ila kuna jambo moja watu hulisahau: talaka na urithi. Mahakama ya Kadhi, kwa kifungu cha 170, husikiza kesi hizo pale tu pande zote ni Waislamu na wamekubali kwenda huko. Kwa hivyo aliyesilimu asimlazimishe mama yake Mkristo kufika kwa Kadhi.