Kuhusu keki ya kupindua inayoganda kwenye sufuria

Dada, umeuliza kwa nini keki yako ya kupindua (ile ambayo tunda hupangwa chini ya sufuria na unga juu yake, kisha hugeuzwa) hubaki mbichi katikati na maembe yake kuganda kwenye sufuria. Nadhani kosa ni maji ya tunda: maembe yetu ya Lubumbashi, hasa yakiiva sana, hutoa maji mengi, kwa hiyo uchague yaliyo magumu kidogo, uyakate vipande vya sentimita 1, uyanyunyizie sukari na kuyachuja kwa dakika 20 kabla ya kuyapanga juu ya siagi na sukari iliyoyeyushwa. Ukiokea kwenye mbabula, yaani jiko la makaa (kama mimi), weka makala mengi juu ya kifuniko na machache chini, kwa kuwa sukari huungua upesi. Ikiiva, subiri dakika 10 tu, kisha uipindue. Ikipoa kabisa, sukari hugeuka gundi.