Re: Poblano zangu bado kijani, nivune au nisubiri?

Mkuu, hizo poblano (pilipili kubwa za Mexico, si kali sana) vuna za kijani zikishakolea rangi na kung'aa, ukiibonyeza unasikia iko ngumu. Zikiachwa mtini zinaiva nyekundu na ndizo Wamexico wanazikausha, ikikauka wanaiita ancho, hiyo inaenda kwenye mole, ule mchuzi mzito wa Mexico. Ila usiache zote ziive maana mti unapunguza kutoa maua, acha chache tu. Kata na kisu au mkasi usivute, matawi yake yanakatika kirahisi sana na matunda ni mazito, ni vizuri uweke kijiti cha kuegemea.

Sasa hiyo ngozi unayosema inakuwa kama plastiki ukipika, poblano kwa kawaida hutolewa ngozi kabla ya kuliwa. Weka pilipili nzima juu ya moto wa gesi au mkaa, geuza mpaka ngozi iungue nyeusi itoke malengelenge kila upande, halafu itie kwenye bakuli ufunike kama dakika 15 ijipike na mvuke wake, ngozi itatoka kwa vidole tu, na tafadhali usioshe na maji utapoteza ule utamu wa moshi. Toa mbegu na ule utando mweupe, ukali mwingi uko kwenye huo utando. Kata vipande virefu, kaanga na kitunguu na mahindi mabichi, malizia na krimu, hiyo ndo rajas, kula na tortilla (chapati nyembamba ya Mexico) ya moto. Zile kubwa kubwa usikate, jaza jibini ndani.