Uvimbe Mmoja, Sura Mbili: Saratani Mseto ya Ini Huanzia Wapi?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, shangazi yangu alichukuliwa kinyama cha ini kwa sindano, na majibu yakasema kuwa ana saratani ya seli za ini. Baadaye alifanyiwa upasuaji, na uvimbe wote ulipochunguzwa, majibu mapya yakasema kuwa ni saratani mseto, yaani ya seli za ini na ya mirija ya nyongo kwa pamoja. Je, vipimo vya kwanza vilikosewa? Hizi ni saratani mbili zilizokutana, au ni moja iliyogeuka? Ikiwa ni moja, ilianzia katika seli gani? Na je, sisi tulio damu moja naye tuna sababu ya kuhofu?

JIBU: Ndugu msomaji, nianze na suala la vipimo, kwa kuwa ndilo jepesi. Sindano huchota kipande kidogo sana, na katika saratani mseto sehemu zenye sura ya seli za ini na zile zenye sura ya mirija ya nyongo hazijaenea sawasawa ndani ya uvimbe. Sindano ikiangukia upande mmoja, mtaalamu wa patholojia ataandika alichokiona, naye atakuwa ameandika kweli. Ndiyo maana saratani hii, ambayo ni sehemu ndogo tu ya saratani zinazoanzia kwenye ini, aghalabu hutambulika kwa uhakika baada ya uvimbe wote kutolewa.

Swali la asili yake ni gumu zaidi, na limewashughulisha wataalamu kwa miongo mingi. Mwaka 1949 Allen na Lisa waliugawa ugonjwa huu katika makundi matatu: uvimbe wa aina mbili uliokaa mbalimbali ndani ya ini moja, uvimbe wa aina mbili uliokua kila mmoja peke yake hadi ukagusana, na uvimbe mmoja ambao ndani yake sura hizo mbili zimechanganyika tangu mwanzo. Mgawanyo huo ulitegemea hadubini, nayo huonyesha seli zilivyo sasa bila kueleza zimezaliwa na nani. Siku hizi wanasayansi huzitenga sehemu hizo mbili na kusoma jeni za kila moja. Katika uvimbe uliochanganyika kweli, mara nyingi sehemu zote mbili hukutwa na mabadiliko yaleyale ya jeni, jambo ambalo ni vigumu kulieleza isipokuwa zote zimetokana na seli moja. Pale uvimbe unapokuwa umekaa mbalimbali, baadhi ya wagonjwa huonekana kuwa na saratani mbili zisizo na nasaba moja. Kwa hiyo yote mawili uliyoyauliza hutokea, ila kwa saratani mseto halisi jibu lililo karibu zaidi na ushahidi ni chanzo kimoja.

Chanzo hicho ni seli gani? Hapa inafaa kurudi nyuma hadi kwenye kiinitete. Seli zinazofanya kazi kuu za ini na seli zinazotandaza kuta za mirija ya nyongo hutokana na seli changa za aina moja, ziitwazo hepatoblasti. Kwa mtu mzima, mahali ambapo seli za ini hukutana na mirija midogo kabisa ya nyongo, penye mifereji ya Hering, huaminika kuwa na seli tangulizi zenye uwezo wa kuelekea upande wowote kati ya hizo mbili, hasa ini linapoumizwa kwa muda mrefu. Wengi walihitimisha kwamba saratani yenye sura mbili lazima izaliwe na seli yenye uwezo wa namna mbili. Hoja hiyo inavutia, tena ina ushahidi: mwaka 2022 watafiti waliotumia panya wenye inflamesheni sugu ya ini, yaani ini linaloumia na kuvimba kwa muda mrefu, walionyesha kuwa saratani mseto za panya hao zilihusiana na seli tangulizi zilizochakaa, na kwamba zilitegemea ishara ya kinga iitwayo IL-6, ishara hiyo ilipozuiwa, saratani hizo zilipungua.

Hata hivyo, panya wengine wametupa habari tofauti. Mwaka 2012 ilionyeshwa kwamba seli za ini zilizokomaa, zikiwa zimewekewa alama ili vizazi vyake vifuatiliwe, zinaweza kugeuka na kuzaa saratani ya mirija ya nyongo pale njia za mawasiliano za Notch na AKT zinapochochewa ndani yake. Mwaka 2018 ikaonekana kuwa seli zenye hitilafu zilezile za jeni zilizaa saratani ya aina hii au ile kwa kutegemea jinsi seli jirani zilivyokuwa zikifa. Kwa maneno mengine, seli inaweza kuwa na sura isiyo ya ukoo wake, na mazingira yake yana sauti katika jambo hilo.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye kiini cha swali lako. Shirika la Afya Duniani lenyewe, katika uainishaji wake wa 2010, liliweka vikundi vya saratani mseto vyenye sifa za seli shina, yaani seli changa zinazoweza kuzaa seli za aina mbalimbali, kisha katika uainishaji wa 2019 likaviondoa, kwa kuwa sifa hizo zinaweza kuonekana katika saratani nyingi za ini na hazitoshi kutenga ugonjwa wa pekee. Kuona alama za seli shina kwenye uvimbe si kuthibitisha kwamba seli shina ndiyo iliyouzaa.

Kuhusu hofu ya familia: mabadiliko ya jeni yanayokutwa mara kwa mara katika uvimbe huu, kama yale ya jeni iitwayo TP53, kwa kawaida hutokea ndani ya ini la mgonjwa maishani mwake wala hakuyarithi. Kinachofaa kuchunguzwa kwa ndugu ni virusi vya homa ya ini aina ya B na C, ambavyo huweza kuambukizwa ndani ya familia na huongeza hatari ya saratani za ini.

Kwa shangazi yako, upasuaji ndiyo tiba yenye matumaini makubwa zaidi uvimbe unapoweza kutolewa wote. Ugonjwa ulioenea hauna dawa moja iliyokubalika na wote, hivyo madaktari huchagua kwa kutazama ni sura ipi imetawala. Ikiwa siku moja uvimbe utajitokeza mahali pengine, ombeni kinyama kipya kichukuliwe hapo, kwa kuwa kinachosambaa kinaweza kuwa upande mmoja tu wa mseto ule, na huenda usiwe ule uliotawala mwanzoni.