Usiifute SAT ya Machi kisa jumla ya Agosti ni kubwa

Mkuu, usilipie hiyo ripoti ya alama za SAT, ule mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani. Soma hapa kwanza, ndipo urudi College Board, wenye mtihani wao.

Umesema Machi ulipata 1350 (Kusoma na Kuandika 610, Hesabu 740), Agosti 1390 (680 na 710), na wakala kakushauri uiondoe Machi "isikuchafulie", utume Agosti peke yake. Halafu ukauliza na TOEFL, ule mtihani wa Kiingereza, na matokeo ya kidato cha nne.

Huyo wakala hesabu anayoijua ni ya ada yake tu. Chukua 680 ya Agosti, iunganishe na 740 ya Machi: 1420. Pointi 30 unazo tayari mkononi, na mtu anakutoza hela akusaidie kuzitupa! Kila msimu ushauri ni huu huu, "tuma yenye jumla kubwa". Nikiuona presha inapanda, na daktari kanikataza chumvi, hajanikataza jukwaa, kwa hiyo nivumilieni.

Vyuo vingi vya Marekani, MIT kikiwemo, huchukua alama ya juu ya kila sehemu, hata kama zimetoka tarehe tofauti. Ila chuo hakiwezi kuchukua alama ambazo hakikutumiwa. Score Choice, huduma ya College Board, inakuruhusu kuchagua tarehe za kutuma, haikuruhusu kukata sehemu. Ukituma Machi, ile 610 inakwenda pamoja na 740, na hapo ndipo watu wanapoogopa. Ya nini? Chuo kinachounganisha alama kitaichukua 740, na 610 kitaiacha ilipo.

Tena cheki mkanganyiko unaotokea ukimsikiliza wakala. Sehemu ya mitihani kwenye Common App, ile fomu ya mtandaoni ya kuombea vyuo vingi kwa pamoja, inauliza alama yako ya juu ya Hesabu na tarehe yake, kisha ya Kusoma na Kuandika na tarehe yake. Utajaza Hesabu 740, Machi. Ripoti rasmi inafika ina Agosti tu, Hesabu 710. Anayekagua faili anaona namba mbili zisizolingana. Ukibahatika, watakuhesabia 710. Usipobahatika, utatakiwa ujieleze, na pengine ni baada ya kupata nafasi, kwa sababu vyuo vingi hupokea alama ulizojaza mwenyewe na kudai ripoti rasmi unapothibitisha kwenda. Nafasi iliyokwisha kutolewa inaweza kufutwa kwa alama zisizolingana.

Na wala huokoi senti. Malipo ya ripoti ni kwa kila chuo, si kwa kila tarehe. Usipogusa kitu, tarehe zote zinakwenda. Kuiondoa Machi ni mpaka uingie mwenyewe ukaiondoe. Yaani mtu anafanya kazi ya ziada ili ajipunguzie alama, aisee.

Kwa hiyo shika hili: usichague kwa jumla, chagua kwa sehemu. Tarehe yoyote yenye alama yako ya juu katika sehemu mojawapo inakwenda. Ambayo haina hata moja, iache nyumbani, isipokuwa kwa chuo kinachodai zote. Georgetown kinadai zote, huko hakuna kuficha. Vyuo vya University of California, Berkeley na UCLA wakiwemo, havitazami SAT kabisa kwenye udahili, hata ukiwa na 1600. Vipo pia vinavyohesabu mtihani mmoja wenye jumla kubwa bila kuunganisha. Huko 1390 ndiyo itakayosoma. Fungua ukurasa wa udahili wa kila chuo ulichokiorodhesha, tafuta neno superscore, yaani huko kuunganisha alama, usome sentensi yenyewe. Usiulize WhatsApp.

Kwa vyuo ambavyo SAT ni hiari, tafuta Common Data Set ya chuo, zile takwimu chuo hutoa kila mwaka, kipengele C9. Utaona alama za asilimia 25 na 75 kwa kila sehemu, yaani ile ambayo robo ya walioingia wako chini yake na ile ambayo robo wako juu yake. Linganisha 740 na safu ya Hesabu, 680 na safu yake. Ila kumbuka safu hizo zimepanda, maana wenye alama ndogo hawakutuma. Dartmouth kiliporudisha sharti la mtihani mwaka 2024, kilieleza kuwa waombaji wa mazingira magumu walikuwa wakificha alama za 1400 na kitu ambazo zingewasaidia. Yako ya 1420 imo humo humo.

Ukirudia Desemba, zile ripoti nne za bure unazopewa ukijisajili usizitumie. Dirisha lake linafungwa siku 9 baada ya mtihani, matokeo hujayaona, na ripoti iliyokwisha kwenda hairudishwi.

TOEFL na kidato cha nne naona vimekosa nafasi, vifungulie uzi wake. Kabla hujalipa chochote, linganisha jina la akaunti ya College Board na la Common App, herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye pasipoti. Kama huku umeweka jina la babu na kule hukuliweka, ripoti itafika chuoni ikose faili la kuingia.